Mwambie Akuonyeshe Kazi: Mwongozo kwa Mzazi wa Kijana wa Usanifu na Teknolojia

Kijana aliyemaliza chuo, au aliyeishia kidato cha nne na sasa ana miaka ishirini na kitu, haongozwi kama mtoto wa darasa la tatu. Humchagulii tena mchepuo, na ukijaribu atakuitikia "sawa mama" kisha afanye lake. Hata hivyo bado anakutazama. Anasikia unavyomtaja mbele ya wageni, na anajua kama unaona haya kusema mwanao anachora nembo na kujenga tovuti wakati mtoto wa jirani ni mhasibu. Ndiyo maana namna ya kumhimiza kuelekea kwenye usanifu na teknolojia ni jambo zito, na ushauri wangu ni mmoja. Fani hizi hupimwa kwa kazi iliyokamilika na kutumiwa na mtu mwingine, kwa hiyo himizo lako lote, yaani fedha, muda, maswali na sifa, lielekee huko. Yale wanayohangaika nayo wazazi wengi, kama jina la kozi, wingi wa vyeti au saa anazokaa mbele ya kompyuta, yana nafasi yake, ila hayakuambii kama kijana anajua kazi.

Kwanza ujiridhishe wewe mwenyewe kwamba unachomhimiza ni kazi kweli. Wapo wanaouona usanifu kuwa urembo tu, na teknolojia kuwa kukesha na simu. Tazama vitu vilivyo karibu nawe. Kanga ina pindo, mji na jina. Aliyeichora aliamua upana wa pindo, akaamua maneno yakae wapi ili yaonekane ikishafungwa, akahesabu na rangi, maana kila rangi inayoongezeka inapandisha gharama ya kuchapa. Soko Kuu la Kariakoo lililofunguliwa 1975 lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, aliyeliwekea paa la zege lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa na kuacha hewa ipite. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, kinahitaji mchoraji, mwandishi, mwimbaji, mwalimu wa hesabu na mtu wa kompyuta kabla mtoto hajajifunza kugawanya. Na katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka mitaa pamoja na wakazi wakiweka kwenye ramani mifereji, njia na nyumba za maeneo yanayofurika. Wote hao wanaamua kwa niaba ya mtu watakayemhudumia, kisha wanahakikisha kitu kinafanya kazi. Ukilielewa hilo, hutaona aibu kumtaja mwanao.

Lakini milango ya fani hizi haifanani, na hapa mzazi anaweza kumwepusha kijana na miaka ya kupotea. Anayetaka kuchora majengo hana njia ya mkato: Tanzania anasajiliwa na bodi ya AQRB, Kenya na bodi ya BORAQS, na bila shahada inayotambuliwa hatatia saini mchoro wa ghorofa. Wahandisi nao wana bodi zao. Kwenye nembo, vitabu, tovuti, programu za simu, katuni na video, mambo ni tofauti. Hakuna bodi inayomzuia asiye na shahada, na mteja hutazama kazi. Ni kama unavyomchagua fundi cherehani: unatazama nguo zilizotundikwa kibandani, unageuza mshono, hukumbuki kuuliza alisoma wapi. Hii haina maana kwamba shule ni bure. Anayelenga ajira ya serikali atatakiwa kuonyesha vyeti, na masomo ya VETA, ya DIT au ya chuo kikuu humpa mtu nidhamu, walimu na wenzake wa kushindana nao. Nisemalo ni kwamba katika kundi hili la pili cheti kisichoambatana na kazi hakimfikishi mbali. Kwa hiyo kabla hujatoa ada ya kozi nyingine, muulize akishaimaliza atakuwa ameunda kitu gani cha kuonyesha. Asipokuwa na jibu, na chuo chenyewe kisipokuwa na jibu, shika fedha yako.

Jinsi ya kujua mlango upi unamfaa si siri kubwa. Tazama anachofanya bila kutumwa. Kuna anayesimama kwenye bango la barabarani akalalamika kuwa maandishi hayasomeki. Huyo ana jicho. Kuna anayefungua redio iliyokufa kabla hujaitupa, na kuna anayepanga orodha ya michango ya msiba ikatulia mpaka kila mtu akaridhika. Huyu wa mwisho mara nyingi hupuuzwa, kwa sababu hachori wala hafungui vitu, lakini kazi ya programu kwa sehemu kubwa ni kupanga taarifa na kutabiri mahali watu watakapokosea.

Sasa tuje kwenye fedha, ambapo nia njema nyingi huharibika. Mzazi anayetoa bila mpaka humfanya kijana mtegemezi. Anayekataa kabisa humwacha ajifunze kwa simu ya kuazima. Njia ya kati ni makubaliano ya muda maalumu, yaandikwe hata kwenye daftari. Sema kwa mwaka mmoja utamsaidia kompyuta, bando na chakula cha nyumbani, naye kila baada ya wiki sita atakuonyesha kazi moja iliyokamilika, iliyofanywa kwa ajili ya mtu fulani anayejulikana. Kwa kuchora nembo, kujenga tovuti na kujifunza kuandika programu, kompyuta mpakato iliyotumika inatosha, mradi iwe na kumbukumbu ya GB 8 au zaidi na diski ya SSD. Video na katuni za vipimo vitatu zitataka GB 16 na kuendelea. Usimnunulie mashine ya bei ya kiwanja kabla hujaona kazi hata moja. Wala usikubali hoja kwamba bila programu za gharama hawezi kuanza, na usifumbie macho nakala za wizi zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana, ambazo mara nyingi huja na virusi. Inkscape, GIMP, Krita na Blender ni za bure na halali. Flow, filamu ya katuni kutoka Latvia iliyopata tuzo ya Oscar Machi 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu ileile ambayo mwanao anaweza kuipakua leo bila kulipa senti. Kujifunza kuandika programu kupo pia bila ada, kwa freeCodeCamp au kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard. Sehemu kubwa ya masomo hayo ni ya Kiingereza, kwa hiyo kama lugha inamkwamisha, fedha uliyotenga kwa cheti kingine huenda ikafaa zaidi kwenye darasa la Kiingereza.

Hiyo kazi iliyokamilika inafananaje? Chukua kadi ya mchango wa harusi, ambayo kila familia inaijua. Anayeanza atatafuta maua na herufi za mikunjo. Aliyekomaa ataanza kwa kuuliza nani ataisoma, na atajibiwa kwamba ni wajomba na mashangazi watakaoipokea kwenye simu ndogo, wengine kioo kimepasuka, wasiotaka kukuza maandishi kwa vidole. Wanachotafuta ni nani anaoa, tarehe, ukumbi, namba ya kutuma mchango, na jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Tarakimu moja ikikosewa, fedha inakwenda kwa mtu baki. Kwa hiyo atakusomea namba hiyo kwa sauti, atakuomba uihakiki, na atasubiri uandike kuwa umeridhika kabla kadi haijasambazwa. Kama itachapwa, atajua kuwa rangi ya kioo ni mwanga na rangi ya karatasi ni wino, hivyo ile buluu inayong'aa kwenye simu itatoka imefifia, na atataka kuona nakala moja ya majaribio. Ataacha milimita 3 za rangi nje ya mstari wa kukatia ili kisu cha mchapaji kisiache ukingo mweupe. Akituma faili kwa WhatsApp hatalituma kama picha, maana hubanwa likapoteza ubora, bali kama dokyumenti. Yote haya hujifunzwa haraka pale ambapo kuna bibi harusi anayesubiri na steshenari itakayofungwa saa kumi na mbili. Kadi za kujichorea za wateja wa kufikirika hazimfundishi mtu kuhakiki namba ya simu.

Upande wa programu, mpe hesabu za kikoba chako. Zinaonekana nyepesi mpaka mtu anapolipa nusu ya rejesho, mwingine ananunua hisa za mwenzake, wa tatu anafariki na familia inadai akiba. Kijana akitengeneza jedwali au programu ndogo inayoyabeba hayo bila kupoteza shilingi, ameshafanya kazi ngumu kuliko mazoezi mengi ya darasani. Atalazimika pia kufikiri nani ana haki ya kuona deni la nani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na majina na namba za wanakikundi si vitu vya kuachwa wazi kwa kila mpitaji.

Na ukimpa kazi, mlipe. Sisemi bei ya soko la Nairobi, lakini iwepo fedha, iwepo tarehe, na iwepo haki yako ya kurudisha kazi isiyofaa. Mtoto anayefanyia ukoo mzima bure kwa miaka huzoea kudharau kazi yake, na ukoo nao huzoea. Hapa ndipo wewe usiyejua kompyuta una la kumfundisha kuliko mwalimu yeyote. Kama umewahi kuuza mkaa, kushona, kukodisha chumba au kusimamia mafundi, unajua mteja anayesema "nitakulipa kesho" anavyonuka, unajua malipo ya awali huchukuliwa kabla ya kuanza, na unajua ahadi isiyoandikwa husahauliwa na aliyeitoa. Vijana wengi wenye kipaji hukwama hapo: kazi wanaijua, bei hawaijui, na kudai wanaona aibu. Kaa naye aandike makubaliano ya nusu ukurasa yanayosema atafanya nini, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na nusu ya malipo inaingia lini. Mwonye pia kuhusu matapeli wa mtandaoni wanaoahidi kazi za ughaibuni kwa sharti la kulipa ada ya usajili kwanza. Mwajiri wa kweli hamtozi anayemwajiri.

Jinsi unavyouliza nayo ni sehemu ya himizo. "Utapata kazi lini?" ni swali lisilo na jibu kwa aliye katikati ya kujifunza, na likirudiwa kila chakula cha jioni linamfukuza mezani. Muulize umemfanyia nani, alisema nini, ulibadilisha nini. Omba akuonyeshe, na ukionyeshwa usiseme "nzuri" kwa sababu ni mwanao. Sema ulichokielewa na ulichokosa kukielewa. Mzazi anayeshindwa kupata kitufe cha kununua kwenye tovuti ya mwanaye amempa taarifa ya thamani, kwa sababu wateja nao watashindwa na wao hawatamwambia, wataondoka tu. Huna haja ya kujua lugha ya mafundi. Kusema "hapa nimepotea" kunatosha, mradi usimcheke.

Wapo watakaokuambia kwamba ajira hakuna. Ni kweli kwamba matangazo ya kazi yenye jina la msanifu au mtengeneza programu ni machache kuliko vijana wanaozitaka, na kipato cha anayejitegemea hupanda na kushuka. Mwezi mmoja wateja watano, miezi miwili kimya. Asiyekubali hilo anamdanganya mwanaye. Lakini kazi yenyewe imetapakaa ndani ya sekta nyingine. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, na nyaya za baharini zilipoanza kutua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, shughuli nyingi zilizokuwa za daftari na foleni zilianza kuhamia kwenye simu. Benki, hospitali, shule binafsi, vyama vya akiba, hoteli za Zanzibar, wauza nguo wa Instagram, wote sasa wana mahali ambapo mteja anasoma, anabonyeza na kulipa, na pengi pamepangwa vibaya. Kijana anayekwenda kwao na kazi mkononi, akasema nimeona tatizo hili na nimewatengenezea mfano huu, ana nafasi kubwa kuliko aliyetuma barua mia moja za kuomba ajira. Pia si lazima akatae mshahara wa kwingine. Wengi huanza wakiwa wahudumu wa duka au walimu wa muda, na hilo si kushindwa.

Hoja ya pili ni mpya, na wasiwasi wake una msingi: akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mashine zinachora bango, zinaandika programu na kupendekeza nembo kwa sekunde, na kazi rahisi zimeshuka bei. Kijana ambaye ujuzi wake wote ni kuchukua maneno ya mteja na kuyapamba ataumia, na ni wajibu wako kumwambia hivyo. Lakini tazama tena ile kadi ya mchango. Mashine haikai kwenye kamati ya harusi, haijui kwamba upande wa mama ungependa jina la marehemu babu litajwe kwanza, na wakati mwingine inatoa Kiswahili cha kuchekesha kwa ujasiri uleule inaotolea kilicho sahihi. Mtu wa kuhakiki, kuchagua na kubeba lawama bado anatakiwa. Kwa hiyo mwache aitumie kama chombo, ila muulize aeleze kila alichokikabidhi: kwa nini kipo hapo, na kikiharibika ataanzia wapi kukitengeneza. Asiyeweza kueleza hajaifanya kazi hiyo, hata kama ameikabidhi.

Wengine wanasikitika kwamba ada ya miaka minne imeliwa na shahada ya kitu kingine. Mustafa Hassanali alisomea udaktari kabla ya kujulikana kwa mavazi, na ndiye aliyeanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008. Sitaki kujenga kanuni juu ya mtu mmoja, lakini ninaamini elimu ya kwanza haipotei, na mara nyingi ndiyo inayomtofautisha kijana na wengine. Muuguzi anayejifunza kutengeneza programu anajua fomu ya mapokezi inakwamia wapi saa nne asubuhi foleni ikijaa. Mtaalamu wa kilimo anajua mkulima hasomi ujumbe mrefu. Badala ya kumwambia asahau alichosomea, mwambie aanze nacho.

Kuhusu mabinti, nizungumze bila kuzunguka. Watu wanaposema wasichana hawaipendi teknolojia, tazama kwanza ratiba ya nyumbani. Kuandika programu au kuchora kunataka saa tatu nne mfululizo bila kukatizwa. Kaka akijifungia na kompyuta anaambiwa anasoma. Dada akifanya hivyo anaitwa aje apokee wageni, aweke chai, amwangalie mtoto wa shangazi. Baada ya mwaka, tofauti yao inaitwa kipaji. Apps and Girls iliyoanzia Dar es Salaam na AkiraChix ya Nairobi zilianzishwa kwa sababu nafasi ya msichana inahitaji kutengwa kwa makusudi, na nyumbani ni hivyohivyo. Mpangie saa zake, zitangaze kwa nyumba nzima, na wewe uwe wa kwanza kuzilinda. Kama anahudhuria mafunzo ya jioni, toa nauli ya kurudi salama kabla hujatoa onyo la kuchelewa.

Mwaka ukiisha, kaeni na lile daftari. Kama zipo kazi sita saba zilizokamilika na wateja wawili waliorudi wenyewe, ongezeni muda na punguzeni msaada, ili aanze kulipia bando lake, na akishaanza kupokea fedha za watu asajili jina la biashara na apate namba ya mlipakodi. Kama zipo nusunusu nyingi na hakuna hata moja iliyomfikia mtu, kuna jambo la kuzungumza kwa upole: huenda alichagua mlango usio wake, huenda anaogopa kukosolewa, huenda anapenda kuitwa mbunifu kuliko anavyoipenda kazi. Na akikuambia kwamba amejaribu na hapendi, mkubalie. Ni mtu mzima, maisha ni yake, na kompyuta mwachie, ataihitaji hata kwenye uhasibu au kwenye shamba. Kabla hamjafika huko, mzazi, tafuta kazi moja ndogo mwezi huu, ipe tarehe na bei, na siku akiikabidhi ikiwa sawa mlipe siku hiyohiyo.